MGENI WA SIKU YA TATU APEWE JEMBE
Somo juu ya kompyuta, jumuiya za mtandao na michezo yake



Liko swali ambalo wazazi, walimu na viongozi wa vijana huulizana kila siku, tangu Mikindani hata Kilambo kando ya Ruvuma: Je, kompyuta hizi, pamoja na michezo iliyomo ndani yake na makundi ya watu wanaozungumza kwa mtandao, ni neema au ni balaa? Mzazi mmoja humwona mwanawe ameinamia kioo mpaka usiku wa manane, akasema ni balaa. Mwingine humwona mwanawe amepata nafasi ya chuo kwa njia ya kioo kile kile, akasema ni neema. Wote wawili wasema kweli, na kwa sababu hiyo twaona ya kuwa swali lenyewe halikuulizwa vema.

Wazee wetu walisema: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawakusema mgeni afukuzwe. Wala hawakusema akae barazani siku zote akiandaliwa chakula. Walisema apewe kazi. Kompyuta nayo ni mgeni aliyekwisha kaa kwetu zaidi ya siku tatu. Basi lililo haki kuulizwa ni hili: Nani anamtuma mwenziwe? Sisi twamtuma mgeni, au mgeni ndiye anayetutuma sisi? Somo letu la juma hili lajaribu kujibu swali hilo katika mambo matatu: kumiliki chombo chenyewe, kuishi katika jumuiya za mtandao, na kucheza michezo yake.

MASHINE BILA WAJUZI

Watu wa Mtwara hawana haja ya kufundishwa ya kuwa mashine peke yake haileti maendeleo. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake. Matrekta yaliletwa kwa wingi. Bandari ya kina kirefu ilijengwa hapa Mtwara, na reli ikatandikwa kuelekea bara. Lakini udongo na mvua havikuchunguzwa vya kutosha kwanza, wala mafundi wa kuzitunza mashine zile hawakutosha. Mwaka 1951 mpango uliachwa, baada ya kupotea mamilioni ya pauni, na reli ikafungwa mwaka 1962. Bandari ilibaki, nayo yatufaa hata leo, kwa kuwa ilipata watu wa kuitumia.

Kompyuta nayo ina historia ya namna hiyo hiyo katika nchi yetu. Ya kwanza iliingia mwaka 1965, ikawekwa katika Wizara ya Fedha. Serikali ilitumaini kwamba hesabu zake zitakwenda mbio na bila makosa. Haikuwa hivyo. Wajuzi wa kwetu walikuwa wachache mno, kazi ilitegemea wageni, hesabu zikavurugika, fedha nyingi zikapotea, na makarani wakarudia kazi ya mkono. Mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini bila ruhusa. Marufuku hiyo ililegezwa pole pole katika miaka ya 1980 na 1990, na kwa muda huo wote vijana wa nchi nyingine walikuwa wakijifunza.

Tuyatazame mambo hayo mawili kwa utulivu. Katika la kwanza mashine ilikumbatiwa kabla ya kujulikana. Katika la pili ilifukuzwa kabla ya kujulikana. Mwisho wa yote mawili ulikuwa hasara. Lililokosekana ni mtu aliyefundishwa, mwenye kuijua mashine na kuitawala. Basi na tusiyarudie makosa hayo mawili nyumbani mwetu, ambako baba mmoja humnunulia mtoto chombo akamwacha nacho peke yake, na baba mwingine hukivunja kwa hasira.

KUMILIKI CHOMBO

Tuangalie sasa hali ya kijana wa Msimbati au wa Mahurunga aliyemaliza kidato cha nne. Matokeo ya mtihani wake hutangazwa na Baraza la Mitihani katika intaneti. Majina ya waliochaguliwa kuingia kidato cha tano hutolewa na TAMISEMI huko huko. Akipata nafasi ya chuo kikuu, maombi yake kwa Bodi ya Mikopo hufanyika huko. Akitafuta kazi ya Serikali, hati zake hupita katika mfumo wa Sekretarieti ya Ajira, ambao nao ni wa kompyuta. Hata baba yake mkulima hakuachwa nje. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulioanza mwaka 2007 ulikwisha iondoa korosho katika mizani ya walanguzi na kuipeleka ghalani. Na tangu msimu wa 2024/2025 minada yake huendeshwa kwa kompyuta, kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi hutaja bei yake katika kioo, na malipo ya mkulima huingia benki.

Je, kijana asiye na kompyuta wala ujuzi wake hufanyaje? Hupanda gari kwenda mjini, akaingia katika duka la steshenari, akamwambia mwenye duka: Nijazie. Mwenye duka humfungulia akaunti, humtungia neno la siri, na mara nyingine huandika anwani ya barua pepe ya duka lenyewe, kwa kuwa mteja hana ya kwake. Kijana hulipa, hupewa karatasi, hurudi nyumbani. Baada ya majuma kadhaa yaja taarifa ya kumtaka asahihishe cheti kimoja kabla ya siku iliyowekwa. Taarifa hiyo yaenda wapi? Yaenda dukani, katika sanduku la barua lisilofunguliwa na mtu. Siku hupita, nafasi hupotea, na kijana hukaa nyumbani akidhani kwamba hakubahatika. Mwenye duka hakutenda uovu. Alifanya kazi aliyolipwa. Lakini mlango wa maisha ya kijana yule ulifungwa kwa ufunguo usiokuwa mkononi mwake.

Wazee wanaikumbuka hali hiyo kwa sura nyingine. Zamani mtu asiyejua kusoma aliipeleka barua yake kwa jirani asomewe, na kwa hiyo siri za nyumba yake zilikaa kinywani mwa jirani. Ndiyo sababu watu wazima walijaa madarasani mwaka 1970, uliotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hawakwenda ili wapate vyeo. Walikwenda ili waisome wenyewe barua ya mtoto aliye mbali, na waijue wenyewe hesabu ya mizani. Ujuzi wa kompyuta leo ni kisomo cha namna ile ile, na asiye nao husomewa barua yake na mwingine.

Wako watakaosema: Mbona simu janja yatosha? Twajibu ya kwamba simu ni chombo chema, na kwa wengi ndicho cha kwanza na cha pekee. Lakini tuangalie vizuri jinsi tunavyoitumia. Kwa simu aghalabu mtu hupokea: hutazama, husikiliza, husoma, hujibu kwa maneno machache. Kuandika barua ndefu ya maombi, kuweka daftari la hesabu la chama cha msingi cha ushirika, kuchora ramani ya shamba, kutunga programu, kazi hizo zataka kioo kipana na vitufe vya kuandikia. Mtu aweza kuwa na simu miaka kumi asitengeneze kitu chochote kwayo. Mwenye kompyuta, akifundishwa, yu katika karakana yenye zana.

Lakini bei je? Twajua ya kuwa kompyuta mpya hugharimu fedha ambazo mkulima wengi huzipata katika msimu wa korosho tu, nazo zina kazi nyingi za kufanya. Kwa hiyo hatusemi kila nyumba inunue. Twasema kwamba kumiliki si lazima kuwe kwa mtu mmoja mmoja. Watu wa pwani hawakuanza jana kushirikiana chombo: jahazi moja lilikuwa na mwenyewe, nahodha na mabaharia, na kila mmoja alikuwa na fungu lake. Familia nne au tano, kikundi cha kuweka na kukopa, chama cha msingi, au wazazi wa shule moja, waweza kununua kompyuta mpakato moja iliyokwisha tumika lakini ikiwa nzima. Waiweke mahali penye mlango na kufuli, wamteue mtunzaji mmoja mwaminifu, na wawe na daftari la zamu. Pasipo na umeme wa gridi, sola ndogo yatosha kuichaji. Waifunike, maana hewa ya chumvi ya pwani hula vyuma na waya, na mchanga wa Msimbati huingia kila mahali.

Tena si kila kitu chataka bando. Zipo programu za bure za kuandikia na za hesabu, kama LibreOffice, ambazo mtu hahitaji kuziiba wala kuzinunua. Ipo pia programu iitwayo Kiwix, ambayo huwezesha kuiweka Wikipedia nzima ndani ya kompyuta, hata wanafunzi wakaisoma pasipo intaneti. Kijana mmoja akisafiri hadi mjini akajaza chombo chake mara moja, aweza kurudi kijijini na maktaba.

JUMUIYA YA MTANDAO

Jambo la pili ni makundi ya watu wanaokutana katika mtandao. Kabla ya kuyahukumu, yafaa tujue mtandao wenyewe wafikaje kwetu. Wengi hudhani ya kuwa maneno yetu hupita angani tu. Sivyo. Toka simu hadi mnara hupita hewani, lakini toka mnara huendelea katika Mkongo wa Taifa, yaani nyaya za kioo chembamba zilizofukiwa ardhini, mpaka Dar es Salaam, na kutoka huko hushuka chini ya bahari. Mkongo wa bahari wa SEACOM ulifika Dar es Salaam mwaka 2009, na ule wa EASSy mwaka 2010. Mikongo hiyo miwili ilipokatika karibu na pwani ya Afrika ya Kusini tarehe 12 Mei 2024, nchi yetu ilijikuta mara moja karibu bila intaneti. Hata ujumbe wa mtu wa Kilambo kwa nduguye aliye ng'ambo ya Ruvuma huenda ukazunguka nchi za mbali kabla ya kuuvuka mto ambao mtumbwi huuvuka kwa kitambo kidogo.

Na hapa twafika kwenye thamani yake ya kweli kwa watu wa mwambao huu. Mto Ruvuma ni mpaka wa dola mbili, lakini haukupata kuwa mpaka wa ukoo. Wamakonde wako pande zote mbili. Harusi na misiba huvuka maji. Tangu Oktoba 2017 jimbo la Cabo Delgado la Msumbiji limeteswa na mashambulio ya watu wenye silaha. Tarehe 24 Machi 2021 mji wa Palma, usio mbali na mpaka wetu, ulishambuliwa, na mawasiliano ya simu yakakatika. Watu wakakimbia, wengine kwa mashua, wengine kwa miguu porini, na wengine wakauelekea mto. Mtu aliyekuwa na ndugu huko alijifunza katika siku zile uzito wa ujumbe wa maneno mawili tu: Tupo hai. Ambaye hakuupata ujumbe huo hatabisha tena kama mazungumzo ya mtandao ni upuuzi wa vijana.

Miaka miwili kabla yake, mwezi Aprili 2019, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilionya ya kuwa kimbunga Kenneth chaja. Shule na kazi zilisimamishwa Mtwara, na watu wa mahali pa hatari wakahimizwa kuhama. Kimbunga kilipiga kaskazini ya Msumbiji tarehe 25 Aprili, nasi tukanusurika na makali yake. Katika saa kama hizo, kundi la simu la wavuvi wa kijiji kimoja laweza kufanya kazi ambayo mbiu ya mgambo haiwezi kuifanya, kwa maana mbiu haimfikii aliye baharini. Mnara wa simu humfikia, angalau asipokwenda mbali na pwani.

Kuna na jumuiya zinazojenga elimu. Mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, ulianzishwa mradi wa kamusi ya Kiswahili ya intaneti, na watu wa nchi mbalimbali, ambao wengi wao hawakupata kuonana uso kwa uso, wakashirikiana kuchanga maneno na maana zake. Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003. Leo ina makala maelfu kwa maelfu, na karibu zote ni kazi ya watu wa kujitolea wasiolipwa hata senti. Mtu yeyote aweza kuandika humo, mradi aseme kweli na aonyeshe aliitoa wapi. Je, nani ataandika vema habari za Mikindani, bandari ya kale ambayo Livingstone aliianzia safari yake ya mwisho mwaka 1866? Nani ataandika juu ya mikoko na matumbawe ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000? Ikiwa wenyeji watakaa kimya, wataandika wageni, nasi tutasoma habari zetu kama walivyoziona wao.

Hata hivyo si kila kundi ni jumuiya. Watu mia mbili wanaotumiana picha na vichekesho mchana kutwa ni msongamano tu, kama stendi ya mabasi. Tuwape wasomaji kipimo kilicho rahisi. Jumuiya hujulikana siku ya taabu. Mwanachama mmoja akifiwa, je, wengine huja, au hutuma kijipicha cha mikono iliyofumbatana, kisha wakaendelea na kichekesho kinachofuata? Mmoja akisema uongo, je, yuko wa kumkanya? Mmoja akinyamaza juma zima, je, yuko wa kumpigia na kumwuliza kulikoni? Kundi linalofanya hivyo ni jumuiya kweli, hata kama wanachama wake wametawanyika kutoka Newala hadi Muscat. Kundi lisilofanya hivyo halikuwa jumuiya hata siku moja, ingawa wote ni wa mtaa mmoja.

Na hapa hatuna budi kusema neno kali kidogo juu ya uvumi. Sisi twakaa mahali ambapo hofu si ya kufikirika. Mwezi Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu wa mto, kilishambuliwa. Mahali kama hapo, ujumbe mmoja wa uongo, au picha ya kale kutoka nchi nyingine iliyoandikwa kwamba ni ya jana, waweza kukikimbiza kijiji kizima usiku, na wazee na watoto wakaumia njiani. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 yamwadhibu mwenye kutangaza habari za uongo kwa makusudi. Lakini dhamiri yapasa kutangulia sheria. Kabla ya kusambaza neno, mtu ajiulize: Nani aliyeliona? Lini? Wapi? Asipojua hayo matatu, alinyamaze. Uongo uliosambazwa kwa kidole ni uongo sawasawa na ule uliosemwa kwa kinywa, isipokuwa wafika mbali zaidi.

MICHEZO

Sasa tuje kwenye jambo linalowaudhi wazazi kuliko yote, nalo ni michezo. Wengi wakisikia kijana anacheza gemu, husema mara moja: anapoteza wakati. Twawaomba wasihukumu upesi. Bao ni mchezo, nalo lina mashimo 32 na kete 64. Mwenye kulicheza vema hana budi kuhesabu kete za mwenziwe, kuona mbele mitaji kadhaa, na kuvumilia kushindwa mbele ya watu. Mwalimu Nyerere alilipenda, na hakuna aliyemwambia kwamba anapoteza wakati. Lililokemewa na wazee halikuwa bao, bali mtu aliyelikalia bao hata shamba lake likamezwa na magugu.

Na mchezo wa kompyuta ni vivyo hivyo. Nao tunao ushahidi wake katika nchi yetu wenyewe. Kuanzia mwishoni mwa 2017, kwa muda wa miezi 15, katika vijiji 170 vya mkoa wa Tanga, karibu watoto 3,000 walipewa kompyuta za bapa zenye masomo ya kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, yaliyotungwa kwa namna ya michezo. Yalikuwa mashindano ya dunia yaitwayo Global Learning XPRIZE. Watoto wengi kati ya hao hawakuwa wamepata kwenda shule. Hapakuwa na mwalimu. Palikuwa na kituo cha umeme wa jua cha kuchajia, na mtu wa kijiji wa kuvitunza vyombo. Mwanzoni watoto zaidi ya 90 katika kila 100 hawakuweza kusoma neno hata moja la Kiswahili. Mwishoni idadi hiyo ilikuwa imepungua kwa nusu. Mwezi Mei 2019 tuzo ya dola milioni 10 iligawanywa kati ya washindi wawili, Kitkit School na onebillion, na programu zote zilizofika mwisho zikaachwa wazi ili mtu yeyote azitumie bure.

Tusizidishe sifa: nusu ile nyingine walikuwa bado hawajasoma, na mwalimu mwema hana badala. Lakini hawezi mtu kusema tena kwamba mchezo wa kioo haufundishi kitu. Wafundisha kile kilichotiwa ndani yake. Mtu aliyetia herufi, mtoto atatoka na herufi. Aliyetia damu na matusi, mtoto atatoka na nini?

Basi mzazi afanye mambo matatu. Kwanza, aujue mchezo wenyewe. Akae karibu na mtoto nusu saa, amwombe amfundishe. Mtoto hufurahi kumfundisha baba yake, na baba hupata kujua kilichomo bila ugomvi.

Pili, aweke kiasi. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka 2019 kuyaingiza matumizi mabaya ya michezo hiyo katika orodha ya maradhi, na orodha hiyo ikaanza kutumika mwaka 2022. Dalili zake ni tatu: mtu hushindwa kujizuia, mchezo hutangulia mambo mengine yote ya maisha, na huendelea nao hata anapoona madhara. Tena yataka hali hiyo idumu, kwa kawaida mwaka mzima. Kwa hiyo mtoto anayecheza jioni moja mpaka akaisahau sala ya usiku si mgonjwa. Ni mtoto anayehitaji kukumbushwa. Lakini anayeacha shule, chakula na rafiki zake kwa mwezi baada ya mwezi, huyo ahitaji msaada, wala si fimbo. Mfano mwema wa kiasi tunao kwa Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15 na kutangazwa Mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025. Alijifunza mwenyewe kutunga programu, akaitumia kompyuta kueneza habari za miujiza ya Ekaristi. Naye alipenda PlayStation kama wenzake, lakini alijiwekea saa moja tu kwa juma. Hakuutupa mchezo, bali aliupimia.

Tatu, mzazi atofautishe mchezo na kamari. Katika mabanda mengi ya mitaani mambo haya mawili hukaa mlango kwa mlango. Katika banda la gemu vijana wawili hucheza mpira wa kioo, mmoja akashinda, mwingine akacheka, wakaenda zao. Ipo pia mashine ya kutumbukiza sarafu, na upo mkeka wa kubeti katika simu. Huko hakuna ustadi utakaomsaidia mtoto. Mashine imetengenezwa ili mwenye mashine apate. Sheria ya nchi yakataza mtu wa chini ya miaka 18 kucheza kamari. Mwenye banda anayemruhusu mtoto wa darasa la tano kutumbukiza nauli yake avunja sheria, na viongozi wa mtaa wanaopita mlangoni wakatazama upande mwingine hawana udhuru.

LA KUFANYA

Tumekwisha sema ya kwamba mgeni apewe jembe. Jembe lenyewe ni lipi? Twataja machache ambayo kijiji chochote cha mwambao huu chaweza kuyaanza kabla ya msimu ujao wa korosho.

Wazazi wa mahali pamoja wafanye shauri la kununua chombo kimoja cha pamoja, kama tulivyoeleza. Kila kijana aliyemaliza kidato cha nne afunguliwe barua pepe ya kwake mwenyewe, na neno la siri alitunge na kulihifadhi yeye. Na kazi hiyo ifanywe kabla ya matokeo kutoka. Wanafunzi walioko vyuoni, kama vile Stella Maris na VETA hapa Mtwara, wanaporudi likizo wawafundishe wadogo zao juma moja, wakianza na kuandika barua na kuweka hesabu. Kila chama cha msingi kimfundishe angalau mwanachama mmoja kijana, tena si karani peke yake, kuisoma taarifa ya mnada katika kioo, ili hesabu iwe na macho mawili. Kila kundi la simu liwe na msimamizi anayejulikana na sheria tatu: hakuna kusambaza jambo lisilo na shahidi, hakuna picha za maiti, na mwenye msiba hatembelewi kwa simu tu ikiwa miguu yaweza kufika. Na kila nyumba iwe na saa ya kuzima vioo vyote, cha baba kikiwa cha kwanza.

Si mambo makubwa. Lakini kijana wa Mahurunga aliye na ufunguo wake mkononi hatapotewa na nafasi kwa barua isiyosomwa. Na mkulima ajuaye kusoma mnada hatahitaji kuambiwa bei na mtu wa njiani.

Maswali ya kujadiliana katika vikundi:

1. Katika kijiji chetu, ni vijana wangapi waliojaziwa maombi na mtu mwingine, wasijue neno lao la siri? Tuwataje, na tupange siku ya kuwasaidia.

2. Kati ya makundi ya simu tuliyomo, ni lipi lililokuja kwetu siku ya msiba? Ni lipi tungeweza kutoka leo tusikose kitu?

3. Watoto wetu hucheza michezo gani, na kati yetu nani aliyepata kukaa nao akaitazama?

4. Chombo cha pamoja chaweza kuwekwa wapi, mikononi mwa nani, na kila nyumba yaweza kutoa kiasi gani?